Peremende za Wangeci Zilivyozunguka Ziwani

Ukitoka Kariokor ukielekea Starehe unapitia Ziwani, na kama ulipita huko miaka ya sabini ikielekea kwisha, huenda ulimwona Teresiah ameketi barazani akifuma sweta. Sisemi ulimjua. Hakuwa mtu wa kujulikana mbali. Alikuwa mke wa Irungu, fundi wa mabomba wa kanjo, yaani baraza la jiji, na sweta zake za shule zilivaliwa na watoto wengi pale mtaani, za kijani na za damu ya mzee, zote shingo moja. Mimi nilikuwa nikizunguka na begi langu nikitengeneza stovu za mafuta, na stovu ya Teresiah ilikuwa na ugonjwa wa kuziba, kwa hivyo nilikaa barazani kwake zaidi kuliko kwa wengine. Fundi wa stovu akishainamisha kichwa, watu husahau kwamba ana masikio. Hivyo ndivyo nilivyoyapata haya. Mengine alinisimulia mwenyewe baadaye, akicheka mpaka sindano za kufumia zikamwanguka.

Kilichomtesa Teresiah si njaa wala ulevi wa mume. Irungu hakunywa, na kanjo ililipa. Kilichomtesa ni peremende.

Lazima kwanza nieleze habari ya jina, bila hiyo utaona mama huyu alikuwa akijisumbua bure. Mtoto wake wa kwanza alikuwa msichana, na kwa watu wa Murang'a msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Akaitwa Wangeci, kama nyanya yake. Sasa, kwao jina si la kumwitia mtu chakula tu. Mtoto akishapewa jina lako, ni wewe. Irungu alimwita binti yake huyo mdogo "Mama", na hakuwa akitania. Nyanya mwenyewe, ambaye wote pale nyumbani walimwita Cucu, akifika kutoka shamba alikuwa akimsalimu mjukuu hivi: "Wangeci, mimi, sijambo?" Na mtoto, ambaye alikuwa bado anajipaka uji mpaka nyusi, alikuwa amefundishwa kumwita babake mwanangu.

"Irungu, mwanangu, nivalishe kiatu."

"Ndio, Mama."

Adoyo, jirani wa ukuta kwa ukuta, mkewe Phares wa reli, alikuwa akija kusimama mlangoni kuyasikia hayo tu. "Yawa! Irungu, kweli utamchapa huyu mtoto lini?"

"Mtu humchapa mamake, shemeji?"

Basi Cucu alikuja kila mwisho wa mwezi. Mama mrefu, mkavu, miguu ya kutembea, na meno yake yote kinywani, meupe kama ya msichana. Alivunja mahindi makavu kwa meno hayo mbele ya watu, kwa kujivuna tu. Alikuwa mtu wa kanisa, na vya zamani vingi alikuwa ameviacha, isipokuwa ugoro. Alijifunga leso, na kwenye pembe ya leso palikuwa na fundo. Ndani ya fundo kulikuwa na kikopo cha ugoro, na pamoja na kikopo, peremende. Nyingi. Nyekundu, za manjano, za mistari. Akishaketi alifungua fundo lile polepole, mtoto amekwisha kumpandia magotini, na peremende ya kwanza iliingia kinywani mwa Wangeci mdogo kabla chai haijamiminwa. Zilizobaki alizimwaga kwenye gauni la mtoto. Na zote zilinuka ugoro. Mtoto hakujali. Kwake yeye, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya utamu.

Mwanzo Teresiah alifurahi, kama mke yeyote ambaye mama mkwe anampenda mtoto wake. Halafu meno ya mbele ya mtoto yakaanza kuwa ya rangi ya chai, halafu ya rangi ya makaa. Mtoto akawa anatafuna kwa upande mmoja kama mzee. Chai ya moto kilio, maji ya bomba kilio. Teresiah akambeba mpaka kliniki, na muuguzi, mama mmoja mpole lakini asiyezungusha maneno, akamulika tochi mdomoni.

"Haya ya mbele yatajiangukia yenyewe siku yake ikifika. Lakini haya ya nyuma yanaanza. Akiendelea na switi, tutayang'oa. Na tukiyang'oa mapema hivi, mama, mengine yataota yamepandana. Umenielewa?"

Teresiah alielewa. Alirudi nyumbani na jambo moja kichwani: meno ya nyuma yasing'olewe. Lakini atasema nini, na atamwambia nani? Mke wa mtu hasimami mbele ya mama mkwe akamwambia mkono wako unamharibu mtoto. Tena mtoto yupi? Mwenye jina lake! Kumnyima Wangeci mdogo peremende ilikuwa kumnyang'anya Wangeci mkubwa chake.

Akajaribu kwa mume. Siku hiyo nilikuwa hapo chini, nimefungua stovu vipande.

"Baba Wangeci, zungumza na mama yako juu ya hizi switi."

"Mama yupi?" Irungu akauliza, macho yakiwa kwa yule mdogo aliyekuwa chini ya meza.

"Usinichezee. Yule mkubwa."

"Nimwambie nini? Mama akimpa Wangeci peremende anajipa mwenyewe. Utamkataza mtu kutoa kitu mfuko huu akitie mfuko huu?"

"Na meno yakiisha?"

"Mama ana meno yote. Uliza mtu yeyote kule nyumbani."

"Yule mwingine je?"

Irungu akachukua spana yake akaenda kutafuta bomba la kutengeneza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa mamake, na wote wawili walikuwa mle ndani.

Basi Teresiah akawa peke yake na peremende. Alianza kwa kuzificha. Cucu akishaondoka, alizikusanya kutoka kwenye gauni la mtoto, akazitia kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo, akauweka juu ya kabati. Mtoto hakulia. Alingoja babake arudi kutoka kazini, akasimama mbele yake mikono kiunoni kama vile Cucu anavyosimama. "Irungu, mwanangu, niteremshie mkebe wangu." Na fundi wa kanjo akapanda kwenye kiti na viatu vyake vya kazi, akateremsha.

Akajaribu kuzipikia chai. Wakati ule sukari ilikuwa ikipotea madukani mara kwa mara, akaona ni akili kubwa. Wakaja akina mama wa kanisa, akazitumbukiza zote kwenye sufuria, zikayeyuka, chai ikawa na wekundu fulani. Mama wa kwanza kuonja alikinusa kikombe.

"Mama Wangeci, chai hii imepikwa na kuni gani?"

"Ni stovu, mama."

"Inanikumbusha marehemu babu."

Wa pili akapiga chafya. Sijui kama ni chai au ni mafua yake, lakini Teresiah hakuipika tena. Nami nililaumiwa kwamba stovu yangu inatoa moshi.

Mwishowe akafanya jambo ambalo kila mwanamke wa mitaa ile angefanya. Alizifunga kwenye karatasi, akagonga kwa Adoyo. "Hizi ni za watoto wako." Adoyo akapokea kwa mikono miwili, ero kamano, ahsante sana, kwa kicheko. Mwezi uliofuata vivyo hivyo. Mkebe wa juu ya kabati ukawa mtupu, mtoto akapumua kidogo, na Teresiah naye akapumua. Cucu akiuliza, "Wangeci amekula?" aliambiwa zimekwisha, na zilikuwa zimekwisha kweli.

Sasa Teresiah akajifungua mtoto wa pili. Mvulana, akaitwa Ngigi, jina la marehemu mume wa Cucu. Basi ukaona furaha ya mama yule mrefu! Alishuka kutoka Murang'a na uji na njahi, yale maharagwe meusi, vyakula vya mzazi, akajitia jikoni mwenyewe, na kila mara akipita kitandani aliinama: "Mume wangu, umerudi ukiwa na nywele nyingi kuliko ulivyoondoka." Alisema akishamaliza kumlisha mzazi, siku ya kwenda zake, atamtemea mtoto baraka kifuani, kama wazee wao wanavyofanya. Nyumba ilikuwa nzuri siku zile.

Wanawake wakaja kumwona mtoto, mmoja baada ya mwingine, na huendi kumwona mtoto mikono mitupu. Mmoja alileta unga, mmoja nepi. Akaja Mbithe, Mkamba wa nyumba ya pembeni, mwenye kuuza viazi, na ameleta sukari ya mzazi. Halafu, kwa vile mtoto mkubwa naye asione wivu, akatoa mfuko wa kaki uliokunjwa vizuri.

"Na hizi ni za dada ya mtoto. Kuja, mami."

Wangeci mdogo akaupokea, akaufungua, akatia pua ndani. Uso ukamng'aa.

"Za Cucu!"

"Hapana, mami, ni zangu mimi nimekuletea."

"Ni za Cucu! Cucu, peremende zako!"

Cucu alikuwa ameketi kwenye kiti cha Irungu akiwa amempakata Ngigi. Akanyoosha mkono. Akachukua peremende moja ya mistari, akainusa, akaigeuza, akainusa tena.

"Huu ni ugoro wangu," akasema. "Nausaga mwenyewe, na magadi nayapima mwenyewe. Mama, umezitoa wapi hizi?"

Maskini Mbithe. Hakujua lolote. Akatazama huku, akatazama kule. "Aiya, mama... mimi nilipewa na Adoyo. Watoto wangu wananisumbua na meno, nikaziweka tu."

Adoyo alikuwa mlangoni. "Mimi nilipewa..." akaanza, halafu akafunga mdomo. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda kwa Teresiah, na macho ya Cucu yakayafuata mpaka kitandani.

Ukitaka kujua, peremende zile zilikuwa zimeuzunguka mtaa. Teresiah alimpa Adoyo, Adoyo hakutaka ziharibu meno ya watoto wake, akampa Mbithe, Mbithe naye akaziweka mpaka apate wa kumpa. Wanawake hawa walikuwa wakikutana bombani kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenziwe. Kila mmoja aliona aibu kuwa ndiye mama wa pekee anayekataa zawadi ya mtoto.

Siku nyingine wangecheka mpaka waanguke. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Kumbe ninapotoka kwangu alfajiri," Cucu akasema polepole, "ninaleta uchafu wa kusukumwa nyumba kwa nyumba."

"Maitu, si hivyo," Teresiah akasema kutoka kitandani. Maitu ni mama kwa Kikikuyu.

"Ni vipi?"

Na hapo Teresiah, ambaye alikuwa na maneno yote tayari tangu ile siku ya kliniki, hakuweza kutoa hata moja. Cucu akamlaza Ngigi polepole kando ya mamake. Akafunga pembe ya leso, akaibana sana. Asubuhi yake akachukua kikapu chake cha kiondo akaenda kupanda basi, na mtoto hakutemewa baraka.

Irungu aliingia ndani akakaa na kofia kichwani. "Mama ameenda, na mtoto hajabarikiwa. Umenifanyia nini, Teresiah?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mwisho wa mwezi ukafika, Cucu hakuja. Ukafika mwingine. Wangeci mdogo alikaa barazani akiangalia njia, na akiulizwa anangoja nani alisema, "Ninajingoja mimi." Basi hata Irungu hakuvumilia kuyasikia hayo, alikuwa akiondoka.

Adoyo ndiye aliyekuja kuuvunja ukimya. Aliketi kwenye kigoda akaniambia niache kugonga. "Sikiliza, Mama Wangeci. Mimi mama mkwe wangu yuko mbali, nikimkosea inachukua mwaka mpaka ajue. Wako yuko hapo Murang'a tu. Mfuate."

"Nikamwambie nini?"

"Ukweli."

"Mimi? Kwa mdomo huu? Wewe, kwenu mtu humwambia mama mkwe umeharibu mtoto?"

"Haiya, basi mwambie mtoto!" Adoyo akasema kwa hasira, kama mtu anayeitupa kazi. "Si mnasema ni yule yule?"

Alisema hivyo kwa kuudhika tu, na akaenda zake kugeuza samaki waliokuwa wakiungua. Lakini nilimwona Teresiah. Sindano zilikuwa zimesimama mkononi.

Jumamosi hiyo akamfunga Ngigi mgongoni, akamshika Wangeci mkono, akaenda Murang'a bila kumwambia Irungu zaidi ya "Chakula kiko kwenye sufuria." Yaliyotokea huko sikuyaona. Lakini nimeyasikia kwa mmoja na kwa mwingine, na yanafanana, kwa hivyo nayaamini.

Cucu alikuwa nyuma ya nyumba kwenye migomba. Alipowaona alikwenda kwa Ngigi, akamtoa mgongoni, akamwambia mume wangu umenenepa. Akamsalimu Wangeci. Teresiah hakusalimiwa. Cucu hakumfukuza pia. Alikaa chini karibu na moto akachoma mahindi, akampa mjukuu hindi zuri la kwanza, ndiyo maana wanasema alikuwa na moyo.

Mtoto akauma kwa nguvu, kama alivyoona Cucu akiuma. Akapiga ukelele. Mahindi yakaanguka kwenye majivu, mkono shavuni, machozi.

Cucu akasimama. "Ni nini?"

Hapo Teresiah akapiga magoti. Lakini hakupiga magoti mbele ya Cucu. Alipiga magoti mbele ya mtoto wake mwenyewe, akamshika mikono yote miwili kama mtu anavyomshika mzazi wa mumewe.

"Wangeci, mama ya Irungu," akasema, "nisikilize, maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mke wa mwanao. Siku uliyonipokea hapa ulinilisha kwa mkono wako, na sijasahau. Lakini kinywa chako kinaoza, Maitu. Muuguzi amesema ukiendelea na peremende, meno ya nyuma yatang'olewa. Nilizificha zawadi zako. Nikazipikia chai. Nikazipeleka kwa jirani. Sikuzitupa hata moja, na sikuzidharau. Niliogopa kukwambia tu. Leo nimekwambia. Ukitaka kunipiga nipige, lakini kwanza fungua mdomo watu waone."

Mtoto hakuelewa kitu, lakini kufungua mdomo alikuwa amezoea kliniki. Akafungua.

Cucu akainama. Unajua, kule Ziwani nyumba zile zina giza kidogo, na kila mara Cucu alipomwona mtoto, kinywa kilikuwa kimefungwa, kimejaa zawadi yake. Hakuwahi kutazama ndani. Sasa jua lilikuwa la saa sita. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akamgeuza kichwa huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi.

"Haya," akasema, "ni meno yangu?"

Kuku walikuwa wakila yale mahindi yaliyoanguka.

"Wangeci," Cucu akamwambia mtoto, na bado hakumtazama Teresiah, "mwambie mke wa mwanangu kwamba mimi tangu nizaliwe sijawahi kuwa kibogoyo, na siendi kuanza sasa, tena Nairobi, mbele za watu."

Mtoto akageuka, machozi bado mashavuni. "Mami, Cucu hataki kuwa kibogoyo."

"Mwambie Cucu nimesikia."

"Cucu, amesikia."

"Mwambie tena, hizo vitu sikuzipenda mimi. Nilikuwa nauza ndizi zangu pale barabarani nipate za kununulia. Watu walisema mtoto wa Nairobi ukimpelekea ndizi ya shamba anakucheka. Ati ni lazima uende na kitu cha duka. Nikasema sitakuwa yule nyanya wa kuchekwa."

Teresiah akainua kichwa. Alikuwa ameiona migomba. Alikuwa ameona mapera yameanguka chini ya mti na ndege wanayala. "Mwambie Cucu," akasema, na sauti ilikuwa imeanza kucheka na kulia kwa pamoja, "sisi tunanunua ndizi soko la Kariokor kwa fungu, zimekaa mpaka zimechoka, na tunashukuru. Mwambie hizi zake mtaa mzima utapigania."

Mtoto alikuwa amechoka kutumwa. "Ambianeni wenyewe," akasema, akaenda kwenye mapera.

Wakaambiana wenyewe. Hapo hapo Cucu akamshika Ngigi, akamfungua kifua, akamtemea baraka zake zote, na zilikuwa nyingi kwa sababu zilikuwa zimekaa sana. Teresiah naye akatemewa kidogo kiganjani.

Mwisho wa mwezi nilikuwa Ziwani. Sikuwa nimepanga, stovu ya Mbithe ilikuwa imeziba. Nikasikia kelele za watoto kutoka upande wa barabara, nikadhani ni harusi. Ni Cucu. Kiondo kimemning'inia mgongoni kwa mkanda wa kichwani, kimejaa mapera mpaka yanachungulia, na juu ya bega mkungu wa ndizi, za kuiva, za manjano, urefu wake kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikataa kusaidiwa. Watoto wa Ziwani walikuwa wamemfuata tangu barabarani, mmoja amekwisha kuanza wimbo, wengine wanaitikia. Kina mama wakatoka, mikono ina povu la sabuni. Mbithe akaacha viazi vyake akapiga kigelegele, na kigelegele cha Mkamba ukikisikia huulizi kama kuna sherehe.

Irungu alisimama mlangoni. Wangeci mdogo akapita chini ya mkono wake.

"Nimekuja!" akapiga kelele akimwonyesha Cucu. "Irungu, mwanangu, nimekuja!"

Cucu akautua mkungu barazani, akaomba kisu. Aligawa mwenyewe. Kila mtoto ndizi, kila mama mapera kwenye kanga, na Adoyo alipewa mara mbili. Na alipomfikia Mbithe akamtazama sana, akamwambia, "Hii usimpe mtu."

"Nitaila hapa hapa, mama, uone!" Mbithe akasema, akaimenya.

Hapo ndipo wote walipocheka kile kicheko walichokuwa wanadaiwa. Adoyo alicheka mpaka akakalia begi langu la spana.

Lakini usidhani peremende ziliisha duniani. Wageni ni wengine na wengine, na mgeni wa Nairobi asiye na mtoto wake anajua zawadi moja tu ya mtoto. Krismasi ile akaja Maingi, aliyefanya kazi na Irungu kwenye mabomba, kijana amevaa suti mpya, na pakiti kubwa yenye kung'aa mkononi. Nikamwona Teresiah ameshtuka. Huwezi kumrudishia mgeni zawadi yake mlangoni.

"Nimemletea Wangeci kitu kidogo," Maingi akasema, akitafuta mtoto kwa macho.

"Wangeci ni mimi," Cucu akasema kutoka kwenye kiti.

"Hapana, mama, nilisema Wangeci yule..."

"Umesema Wangeci. Kuna Wangeci mwingine hapa?" Akamgeukia mjukuu. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni wewe," mtoto akasema.

"Umesikia. Leta."

Maingi akamtazama Irungu. Irungu akainua mabega. "Ni mama yangu, ndugu. Mpe."

Cucu akapokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri sana, akambariki kijana apate mke. Akafungua pakiti, akatia moja kinywani, akaivunja kwa mlio uliosikika mpaka bombani. Zilizobaki akazifunga kwenye pembe ya leso. Mgeni alikuwa ametoa, Wangeci alikuwa amepokea, na hakuna aliyekosewa. Tangu hapo hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hata Cucu akiwa shamba, Teresiah alipokea peremende zote kwa shukrani, akasema, "Nitampa Wangeci," na hakuwa anadanganya mtu. Mwisho wa mwezi mkebe ulikwenda Murang'a umejaa. Adoyo na Mbithe nao walileta za kwao, sasa bila kujificha, kila mmoja anaziweka mezani na kusema, "Za Wangeci." Mama yule alizivunja zote, na meno yake hayakuchukua hata alama. Sijui yalitengenezwa na nini.

Ile siku ninayoikumbuka zaidi ilikuja baadaye, mtoto akikaribia kuanza shule. Yale meusi ya mbele yalikuwa yameanguka kama muuguzi alivyosema, na mapya mawili yalikuwa yameota, mapana, kama ya sungura. Teresiah alimpeleka kliniki. Cucu akasema anakwenda pia, maana ni kinywa chake. Muuguzi yule yule akamulika tochi. Akaenda mbele, akaenda nyuma, akagonga moja moja.

"Ya nyuma yote yamesimama," akasema. "Hatung'oi kitu hapa. Mama, ulifanya nini?"

Teresiah akamfunga Ngigi mgongoni. Angeanzia wapi?

Walirudi kwa miguu. Na Teresiah, yule ambaye alikuwa hawezi kutoa neno mbele ya mama mkwe, hakupita njia ya nyuma. Alipita katikati ya Ziwani, mbele ya kila baraza, Ngigi mgongoni, Cucu na mtoto nyuma yake, sauti juu, akimsimamisha kila mtu. Alimsimamisha Mbithe kwenye viazi vyake. Alimgongea Adoyo dirisha. Alinisimamisha hata mimi, mafuta yakiwa yamenijaa mpaka viwikoni.

"Fundi, acha hiyo stovu! Njoo uone! Wangeci, fungua mdomo!"

Na wote wawili wakafungua.